Herufi Tano Mkononi

Asubuhi ya Isongole huwa na ukungu mzito. Ukisimama mlangoni, huoni hata zizi lako mwenyewe. Ambwene hakusubiri ukungu uondoke. Kila siku alivaa mabuti yake ya mpira, akabeba jembe, akaenda kwenye shamba lake la viazi.

Kabla ya kulima alikuwa na desturi moja. Aliinua mkono wa kushoto, akaubusu kwa nyuma, pale palipochorwa tatuu. Ilikuwa tatuu ya herufi tano, nyeusi na zilizopindapinda.

"Mama, tumeamka salama," alisema polepole. Kisha akaanza kazi.

Tatuu ile alichorwa akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, Tulia, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Ambwene hakuwa na picha yake hata moja. Kusoma pia hakujua. Aliacha shule darasa la pili, baba yake alipofariki, akaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Baadaye akawa mbeba mizigo sokoni Mbeya. Huko alimwomba rafiki yake Lazaro amwandikie jina la mama mkononi, asije akamsahau.

Lazaro alijua kuandika. Alitumia sindano, na wino uliochanganywa na masizi. Vijana wengine walisimama wakitazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ambwene alidhani wanacheka kwa sababu alikuwa akikunja uso kwa maumivu. Akacheka nao.

Sasa Ambwene alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa na mke, Bupe, na watoto watatu. Mkubwa, Nsajigwa, alikuwa sekondari ya bweni. Maisha hayakuwa mabaya. Lakini mwaka uliopita Ambwene alinunua dawa ya ukungu ya viazi, akaichanganya kwa kukisia, kwa sababu hakuweza kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Nusu ya shamba ikaungua. Siku ile alimwambia mke wake, "Mama Nsajigwa, nakwenda kujifunza kusoma. Watu wacheke mpaka wachoke."

Darasa la kisomo lilikuwa katika shule ya msingi, jioni tatu kwa wiki, watoto wakishaondoka. Mwalimu aliitwa Nahla. Kwao ni mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, katika ukoo wa wauza vitambaa ambao babu zao walitoka pwani. Alikuwa mdogo kwa umri kuliko wanafunzi wake wote kumi na wawili. Kwa hiyo aliwaamkia kwanza, ndipo akawafundisha.

Jioni moja Mwalimu Nahla alisema, "Leo tutaandika majina ya wazazi wetu. Asiyeweza anyooshe mkono, nitamsaidia."

Ambwene alitabasamu. "Mwalimu, la mama mimi ninalo hapa."

Aliweka mkono wa kushoto juu ya dawati, kama mtu anayefungua kitabu. Kwa mkono wa kulia akaanza kunakili, herufi moja baada ya nyingine. Alitoa ulimi nje kidogo kwa juhudi. Alipomaliza, akasogeza daftari mbele ili mwalimu aone.

Mwalimu Nahla alitazama daftari. Akatazama mkono. Akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Nsajigwa, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Tulia."

Mwalimu alirudisha macho kwenye daftari.

Ambwene aliitazama upya kazi yake. Wiki iliyopita walikuwa wamejifunza pa, pe, pi, po, pu. Mkono wake mwenyewe hakuwahi kujaribu kuusoma, maana nani anahangaika kusoma kitu anachokijua? Sasa akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Hii si ya tu," alisema. "Hii ni pu." Kidole kikasogea. "Pu... nda."

Bibi mmoja aliyekaa nyuma akacheka, akidhani ni mzaha. Aliponyanyua macho na kumwona Ambwene usoni, akanyamaza.

"Punda," Ambwene alisema tena. "Mwalimu, nimesoma vizuri?"

"Umesoma vizuri, baba," Nahla alijibu.

Alichukua kalamu. Chini ya lile neno akaandika jingine, kwa herufi kubwa na safi: TULIA. "Hili ndilo jina la mama yako."

Ambwene alilitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akalinganisha, herufi kwa herufi.

"Wamempa mbili tu," alisema. "U na A. Hizo ndizo zake. Tatu zilizobaki si zake."

Alikunja daftari, akaaga kwa heshima, akaondoka kabla ya wenzake.

Nyumbani alimkuta Bupe uani, anachambua viazi vya mbegu. Ambwene hakukaa. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Mke wangu, hapa pameandikwa nini?"

Bupe alishangaa. "Si pameandikwa punda?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliponipa mkono kunisalimia. Gwe, wewe, una nini leo?"

"Ulijua miaka yote, usiniambie?"

Bupe aliweka chini kikapu. Akasimama. "Baba Nsajigwa, mimi nilikuuliza. Umesahau? Nilikuuliza kwa nini umejiandika hivyo. Ukaniambia, ni kumbukumbu ya mama yangu, alibeba mizigo mingi kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, mwanaume huyu anaheshimu jasho la mama yake mpaka amejiandika. Ndiyo maana nilikubali posa yako."

Ambwene alikaa juu ya gunia, akamweleza mke wake habari ya Lazaro na kicheko cha siku ile. Majirani wote waliojua kusoma walidhani alilichagua jina lile mwenyewe, kwa sababu alikuwa mbeba mizigo. Na Lazaro alikwisha kufa zamani. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza kwa nini.

"Miaka ishirini na minne nimebusu tusi," Ambwene alisema.

Bupe alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Wewe ulimbusu mama," alimwambia. "Aliyetukana ni mwingine."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini hayakumtuliza. Kesho yake hakwenda shambani. Bupe alikwenda gulioni, Ambwene akabaki peke yake. Alikumbuka jambo alilolisikia zamani kwa wabeba mizigo, kwamba maji ya betri hula tatuu. Nyuma ya nyumba palikuwa na betri kuukuu ya taa za sola. Alichovya kitambaa, akapaka juu ya zile herufi.

Maumivu yakaja mara moja. Ambwene aliuma meno. Alidhani maumivu ni dalili ya dawa kufanya kazi. Akapaka tena.

Bupe aliporudi alimkuta amejikunyata karibu na jiko, mkono umekuwa mweupe na mwekundu, ngozi inavuja maji. Alipiga yowe. Akakimbilia ndani kuleta dawa ya meno ampake.

Yowe lile lilimfikia jirani yao, Aika. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Machame, aliyepangiwa kazi Isongole miaka sita iliyopita. Alikuja mbio, na bado alikuwa na sare zake za kazi.

"Usimpake kitu!" alisema. "Si dawa ya meno, si mafuta, si asali, si yai. Maji kwanza. Mlete bombani."

Aliuweka mkono wa Ambwene chini ya maji yanayotiririka. Maji ya Isongole ni baridi kama barafu. Ambwene alitetemeka mwili mzima.

"Inatosha sasa," alisema.

"Haitoshi, kaka. Maji ya betri yanaendelea kula ngozi hata usipoyaona. Tutakaa hapa nusu saa."

Wakakaa nusu saa. Bupe alimfunika mabega kwa shuka, akasimama naye. Kisha wakaenda zahanati. Aika alifunga kidonda kwa bandeji safi, akamchoma sindano ya pepopunda. Alipomaliza kazi yake, ndipo akauliza kilichotokea. Ambwene alimweleza yote, bila kuficha.

Aika alivuta kiti karibu. Halafu akasema, "Kaka Ambwene, ungenigongea tu mlango. Sikiliza. Ngozi yetu ni kama kiazi. Kuna ganda, na chini ya ganda kuna nyama. Wino wa tatuu haukai kwenye ganda. Sindano iliupeleka chini zaidi. Ukitaka kuufikia kwa maji ya betri, au kwa pasi ya moto, au kwa kukwangua, lazima uharibu ganda na nyama vyote. Unaweza kupoteza hata vidole."

"Basi nitakufa nao?"

"Hapana. Kuna mashine inaitwa leza. Inatoa mwanga wenye nguvu. Mwanga unapita kwenye ngozi, unauvunja wino vipandevipande. Ni kama wewe unavyoponda bonge la udongo kwa jembe, mvua ikija inalichukua. Wino ukishakuwa vumbi, mwili wenyewe unauchukua kidogokidogo."

"Siku moja tu?" aliuliza Bupe.

"Siyo siku moja. Mara tano, mara nane, wengine zaidi. Na kila mara mnasubiri wiki sita au nane, ngozi ipumzike. Nanyi msiende kwa mtu yeyote tu mwenye mashine. Ngozi yetu nyeusi inahitaji mashine inayoifaa na mtaalamu anayejua kuitumia. La sivyo, mtarudi na mabaka. Mwulizeni amesomea wapi, na mumwombe ajaribu sehemu ndogo kwanza. Lakini sasa hivi hapana. Kidonda hiki kipone kabisa."

Kisha akauliza jambo jingine. "Sindano ile ya Lazaro mlichangia?"

"Tulichangia watatu."

"Basi leo tupime virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Hupita kwenye sindano kama hizo, na mtu anaweza kukaa navyo miaka bila kujua."

Majibu yalikuwa mazuri. Bupe alishusha pumzi, akashukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga, Mungu."

Kidonda kilichukua miezi mitano kupona. Kiliacha kovu linalong'aa katikati ya zile herufi, lakini neno lilisomeka bado. Walipomaliza kuvuna, Ambwene na Bupe walikwenda Mbeya, kwenye kliniki ya ngozi ambayo Aika aliwaulizia kwa wenzake.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, jina lake Suad. Aliukagua mkono kwa taa. Aliuliza kama Ambwene ana kisukari, kama anatumia dawa yoyote, na kama makovu yake huwa yanavimba. Akajaribu mwanga mahali padogo, akamwambia arudi baada ya wiki sita. Aliporudi, ngozi ilikuwa salama.

"Sasa tutaanza," alisema Daktari Suad. "Tutakupaka krimu ya ganzi. Utakaa nayo kama saa moja."

Ambwene alitikisa kichwa. "Daktari, mimi nimebeba magunia ya lumbesa tangu ujana. Piga tu."

"Mkono una ngozi nyembamba, na mfupa uko karibu. Panauma kuliko begani."

"Piga tu."

Daktari alimtazama Bupe. Bupe aliinua mabega.

Wote watatu walivaa miwani mizito ya kukinga macho. Mashine ikaanza. Ta! Ta! Ta! Ambwene aliruka kwenye kiti. Ilikuwa kama mafuta ya moto yanayoruka kutoka kwenye kikaango, tone baada ya tone, mahali palepale. Palinuka nywele zilizoungua. Aliuma meno, akakaza shingo. Jasho likamtoka. Hakusema neno.

Daktari alisimamisha mashine. "Baba, unaumia?"

"Endelea."

"Sikukuuliza kama niendelee. Nimekuuliza kama unaumia."

Hapo kitu fulani ndani ya Ambwene kikakatika. Tangu alipochorwa, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali lile kuhusu mkono ule. Siku ya Lazaro aliumia, wenzake wakacheka. Siku ya maji ya betri aliumia, akajibana peke yake. Sasa mtu amesimamisha mashine kwa ajili ya kumwuliza.

"Naumia," alisema. Machozi yakatoka chini ya ile miwani. "Naumia sana, daktari."

"Ndiyo, inauma. Asante kwa kuniambia. Tutapumzika, tutapoza kwa barafu. Halafu, ukitaka, tutaendelea kidogo."

Bupe aliushika mkono wake wa kulia. "Ungesema tangu mwanzo, Baba Nsajigwa," alinong'ona. "Nani anakudai ujasiri hapa?"

Wakamaliza polepole, wakisimama kila alipoomba. Safari ya pili Ambwene alikubali ganzi mwenyewe. Maumivu hayakuisha, lakini yalipungua nusu. Alijifunza kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Alijifunza pia kusema "simama" bila aibu.

Kazi nyingine ilikuwa nyumbani. Siku ya pili baada ya leza, mkono ulivimba, lengelenge likatokea, kubwa kama punje ya njegere. Jirani mmoja alimshauri alitoboe kwa mwiba. Ambwene alikuwa ameshaushika mwiba mkononi Bupe alipotokea.

"Weka chini," Bupe alisema. "Daktari alisema lengelenge lisitobolewe. Ukilitoboa, unafungulia uchafu mlango."

Basi walifanya walivyoelekezwa. Bupe aliosha mkono ule kwa maji safi na sabuni isiyo kali, akapaka mafuta mazito ya mgando, akafunga kitambaa safi. Ambwene hakuushika udongo mpaka ngozi ilipofunga. Mkono hakuuanika juani. Hakupaka krimu za kung'arisha ngozi, ingawa muuza duka mmoja alimsifia sana. Ulipowasha hakujikuna. Kwa siku zile Bupe ndiye aliyelima. Jioni Ambwene alichota maji kwa mkono mmoja na kupika, na watoto walilalamika kuhusu chumvi.

Darasani alirudi. Mwanzo aliona haya. Yule bibi aliyecheka alimfuata, akampa mkungu wa ndizi, akasema, "Mwanangu, nilicheka bila kujua. Unisamehe." Ambwene alimsamehe. Kabla mwaka haujaisha aliweza kusoma karatasi ya dawa ya ukungu, mstari kwa mstari, akachanganya kama ilivyoandikwa. Shamba halikuungua.

Ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Kila safari wino ulipungua. Kwanza P ikawa kijivu. Kisha N ikapotea, kisha D. Safari ya sita Daktari Suad aliugeuza mkono kwenye mwanga, akaugeuza tena.

"Kimebaki kivuli," alisema. "Na hili kovu ni la maji ya betri, leza haiwezi kuliondoa. Tunaweza kujaribu mara mbili zaidi, au tuishie hapa. Uamuzi ni wako."

Ambwene alitazama. Hakuna mtu ambaye angeweza kusoma kitu pale. Palikuwa na kovu, na ukungu hafifu kuuzunguka.

"Tuishie hapa," alisema. "Kovu ni langu. Nililitafuta mwenyewe."

Walipotoka, Bupe alitaka wawahi gari la kurudi. Kwenye benchi la kusubiri alikaa mwanamke kijana, peke yake. Mkono wake wa kulia aliuficha ndani ya khanga. Krimu ya ganzi ilikuwa imeshapakwa. Alikuwa anasubiri kuitwa.

"Shikamoo baba," alisema. "Samahani. Wewe umeshafanyiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemaliza leo."

"Nimekuja mara mbili nikakimbia. Inauma?"

Ambwene angeweza kusema haiumi. Ndivyo watu wanavyowaambia watu. Alikaa kwenye benchi kando yake.

"Inauma," alisema. "Kama mafuta ya kikaango. Lakini inauma kwa dakika chache, halafu wanapoza. Ikizidi unasema simama, nao wanasimama. Mimi nilinyamaza mara ya kwanza. Usinyamaze."

"Sina mtu wa kuingia naye."

Ambwene alimtazama mke wake. Bupe alichungulia saa ya ukutani, akacheka kidogo, akaweka kikapu chake sakafuni. "Gari zipo mpaka jioni," alisema.

Jina la yule mwanamke likaitwa. Akasimama, akasita. Ambwene naye akasimama, wakaingia pamoja. Daktari Suad aliwapa miwani bila kuuliza maswali. Mashine ilipoanza, mwanamke yule aliguna, akapapasa pembeni kwa mkono ule mwingine.

Ambwene alimpa mkono wake wa kushoto. Mwanamke akaubana kwa nguvu zake zote, mpaka vidole vikamwuma Ambwene. Ambwene hakuuondoa.